Turbini ileile, kaya nyingi zaidi: tulivyofanya kwenye vilima vya juu ya Bukavu

Ushirika wa umeme ukianza kujaa wateja, neno la kwanza mkutanoni huwa «tununue turbini ya pili». Sisi tuliliweka kando kwanza, na hadi leo sijaona sababu ya kujuta. Kituo chetu kina turbini ya Banki inayokunywa lita 250 za maji kwa sekunde, kimo cha mita 40. Zidisha 9.81 kwa 0.25 kwa 40, unapata kilowati 98 za maji. Bomba, turbini, mkanda na jenereta vinakula theluthi yake, kinachobaki ni kama kilowati 64. Jenereta ni ya kVA 80 kwa volti 400, maana yake haipaswi kupita ampea 115 kwa kila fazi, yaani kila moja ya nyaya tatu zinazobeba umeme.

Kusubiri laini ya mjini nako si mpango. Bukavu yenyewe inalishwa na Ruzizi I ya mwaka 1959 na Ruzizi II ya 1989, ambayo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi, na mkazi yeyote wa mitaa yake ya Kadutu au Bagira anajua delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, ni nini. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliruhusu wengine mbali na SNEL, shirika la umeme la taifa, kuzalisha na kuuza. Ruhusa hiyo ni nzuri, ila haiongezi hata wati moja kwenye laini yako.

Shida ni kwamba mteja ana neno moja tu kwa kila kasoro: «Fundi, moto inashuka», yaani umeme unapungua. Nyuma ya neno hilo kuna magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Ukitibu lile lisilokuwepo, umepoteza pesa za wanachama. Pa kuanzia ni balasti. Kituo kidogo kama chetu hakipunguzi maji kila mtu anapozima taa: kidhibiti cha elektroniki kinapeleka umeme usiotumika kwenye vipasha joto vilivyozamishwa kwenye maji, na hivyo ndivyo balasti yenyewe. Kwa hiyo jioni, saa 12 na nusu hadi saa 3 na nusu, simama mbele ya paneli uangalie vitu viwili, joto la balasti na hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde.

Kama balasti ni ya moto, hezi ni 50, na bado disjonta kuu (swichi inayojikata ampea zikizidi) inaruka, umeme upo ila umegawanywa vibaya kwenye fazi. Kama balasti imepoa na hezi zinashuka hadi 47, umeme wenyewe hautoshi: ama maji ni machache, ama kijiji kimepita uwezo. Hapo kirekebisha volti cha jenereta hushusha volti kwa makusudi ili kujilinda, ndiyo maana taa zinakuwa hafifu kila mahali kwa pamoja. Na kama kituoni kila kitu ni kizima lakini nyumba za mwisho wa laini zina volti 185, ni kebo.

Kwetu lilikuwa gonjwa la kwanza, fazi zilizogawanywa vibaya, na nadhani ndilo linalosumbua vituo vingi bila kujulikana. Laini ya kwenda kijijini ilisoma ampea 80 kwenye fazi ya kwanza, 48 ya pili na 30 ya tatu. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, ilibeba karibu 44, ambayo kwenye laini iliyosawazishwa ingekuwa karibu na sifuri. Jumla yake ni kama kilowati 34 tu. Zile 30 zilizobaki zilikuwa zinachemsha maji kwenye balasti, na kwa kuwa balasti yetu inagawa mzigo sawasawa, iliongeza ampea 43 juu ya kila fazi. Fazi ya kwanza ikapita 120. Disjonta ikaruka, kijiji kizima gizani, na nusu ya nguvu ya turbini haina mteja.

Sababu yake ni ya kawaida. Laini hujengwa kuanzia kituoni, na fundi anayeunganisha nyumba mpya hukamata waya ulio karibu na ngazi yake. Baada ya mwaka, fazi moja ina kaya mara mbili ya nyingine.

Dawa yake ni hesabu na ngazi. Nyumba ya kawaida ya taa, redio, televisheni na kuchaji simu huvuta kama nusu ampea jioni. Kushusha fazi ya kwanza kutoka 80 hadi 53 ni kuondoa ampea 27, yaani kaya 54: kumi hivi kwenda fazi ya pili, 44 kwenda ya tatu. Lakini usihesabu milango peke yake. Pima kwa pensi ya ampea (kipimo kinachobana waya bila kuukata) kwenye kila nguzo ya tawi, jioni, kwa sababu bwalo moja lenye friji tatu ni sawa na nyumba nyingi. Hamisha kwanza nyumba za mbali, kwa kuwa huko ndiko nyutro inakopoteza volti nyingi. Kila nguzo ipakwe rangi ya fazi iliyotumika, nyekundu, njano au buluu, na daftari liandikwe siku hiyohiyo. Kazi ya kuhamisha ifanyike laini ikiwa imezimwa, swichi ya kisu imefungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa aliye juu ya nguzo.

Kitu kimoja hakina mzaha hapo: nyutro. Ikikatika au kiunganishi chake kikiwa legelege, nyumba zenye mzigo mdogo hupokea volti zinazoweza kukaribia 400, na televisheni zinaungua kwa mkupuo. Waya wa shaba ukikutana na alumini moja kwa moja, unyevu wa Kivu unaula mshikamano huo polepole hadi unaachia. Tumia viunganishi vya metali mbili, na kaza nyutro kabla ya kugusa fazi. Baada ya kila kaya kumi mpya, pima tena.

Baada ya kusawazisha, kila fazi ya kijiji ilisoma kama 53, na pamoja na balasti jenereta ikakaa chini ya ampea 100. Kilowati 30 zikapatikana kwa bei ya viunganishi na rangi.

Mashini za kusaga ni habari nyingine. Bila unga wa mihogo na mahindi hakuna bugali, kwa hiyo hakuna mkutano utakaokubali kuzikata. Mota ya kilowati 7.5 huvuta kama kilowati 8.6 ikiwa kazini, lakini kwa kosfi (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli) ya 0.75 ampea zake zinafika 16.5. Kondensa ya kvar 4 (kvar ni kipimo cha ukubwa wake) inazishusha hadi 13.4. Wauzaji watakupa ya kvar 5 au zaidi, maana hesabu ya vitabu kufikia kosfi ya 0.95 inatoa hivyo. Ikataliwe, kama inafungwa moja kwa moja kwenye mota. Kondensa ikizidi umeme wa sumaku ambao mota hutumia ikizunguka tupu, mota iliyozimwa huendelea kujizalishia volti ikiwa bado inazunguka, na volti hizo zinaweza kupanda sana. Kaa chini ya asilimia 90 ya ampea za mota tupu. Iweke baada ya kontakta (swichi inayowasha na kuzima mota), ili isibaki kwenye laini mota ikiwa imelala. Ikiwa umeiunga kati ya rele ya joto (kinga inayokata mota ikizidiwa) na mota, punguza mpangilio wa rele, kwa sababu sasa inaona ampea chache kuliko zinazopita ndani ya mota. Na baada ya kuzima, subiri dakika chache kabla ya kugusa, hata kama umechelewa.

Kuwasha ndiko kunakotikisa kijiji. Mota hiyo ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya ampea zake, karibu 100, na jenereta ya kVA 80 inahisi kipigo hicho hadi taa za zahanati. Kiwashio cha nyota na pembetatu, kinachoanzisha mota kwa muungo wa nyota kisha kuihamishia pembetatu, kinashusha hadi theluthi, lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi, hivyo mashini iwashwe tupu, mahindi yamwagwe ikishashika kasi. Kabla ya kununua kiwashio soma kibati cha mota. Ikiandikwa 400/690, sawa. Ikiandikwa 230/400, mota hiyo kwenye laini ya volti 400 inafungwa nyota tu. Ukiipeleka kwenye pembetatu inaungua. Mota nyingi za mtumba zinazopita sokoni ni za aina hiyo ya pili.

Halafu kuna saa za kilele. Mashini moja ikizunguka jioni inakula umeme wa kaya 75. Kwa hiyo kanuni yetu ni kali: mashini na atelye za kuchomelea hazifanyi kazi kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, na baada ya hapo bei ya kilowati-saa inashuka. Bulanjeri ndiyo iliyofaidika. Oveni ya kilowati 12 inayooka kuanzia saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri inanunua kilowati-saa 60 kila usiku ambazo zamani zilikuwa zinapasha maji ya balasti bure. Pampu ya tangi la maji nayo iko zamu hiyo. Vyama vya umeme vya vijijini vya Marekani, vilivyoenea baada ya sheria ya mwaka 1936, vina ujanja wa ukoo huohuo: huzima kwa mbali vipasha maji vya wanachama wakati wa kilele. Sisi hatuna vipasha maji vya kuzima, ila mantiki ni moja.

Kwa kaya, tunauza kikomo. Disjonta ndogo ya ampea 1, 2 au 5 kwenye nguzo, si ndani ya nyumba. Lakini usidhani ampea 2 ni 2. Disjonta ya nyumbani inaruhusiwa kubeba mara 1.13 bila kuruka, na inalazimika kuruka ndani ya saa moja ikifika tu mara 1.45, yaani ampea 2.9. Anayejua hilo anaweza kuvuta wati 600 kwa mkataba wa 460, na wapo wanaojua. Hesabu ya mtandao ifanywe kwa kiwango hicho cha juu. Jiko la umeme tumelikubali mchana tu. Najua bei ya makala, yaani makaa, inavyouma, lakini sahani ya jiko ya kilowati 2 ikiwaka jioni ni taa za nyumba 17.

Bei za saa na vikomo vilipita kwa kura ya mkutano mkuu. Sheria ya vyama vya ushirika ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, inampa kila mwanachama kura moja, mwenye mashini na mama mwenye taa mbili ni sawa, na hapo ndipo mashini zilipokubali zamu ya usiku.

Maji yalitupa sehemu iliyobaki. Kila lita ya sekunde kwa mita 40 ni robo ya kilowati. Pima mtiririko penye chanzo na tena penye tangi la juu ya bomba: chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, tupa chungwa, hesabu sekunde, rudia, zidisha mwendo kwa eneo la maji, kisha kwa 0.85 kama mfereji ni wa saruji au 0.75 kama ni wa udongo wenye mawe. Tofauti ya lita 30 kati ya sehemu hizo mbili ni kilowati 7.6 zinazomwagilia shamba la mtu. Mara nyingi ni mashimo ya kaa na mizizi ya mikaratusi. Udongo wa mfinyanzi hauzibi mzizi. Ng'oa, kisha piga saruji kipande hicho tu. Kazi hii ni ya Juni hadi Agosti, mto ukiwa chini. Wavu wa kuzuia takataka usafishwe kila siku, na mvua ikinyesha mara zaidi: majani ya migomba yakiuziba, maji ya tangi yanashuka, bomba linavuta hewa, na turbini inaanza kupumua kwa kukatakata.

Kebo ni hesabu fupi. Torsade (kebo ya nyaya zilizosokotwa pamoja) ya milimita 35 za mraba ikibeba ampea 40 kwa mita 800 inapoteza volti 53 kati ya 400, na kilowati 3.6 zinakuwa joto juu ya nguzo. Ya milimita 70 inapunguza yote hayo kwa nusu. Tulibadilisha tawi refu moja tu. Mengine yaliponywa na kusawazisha fazi.

Paneli za jua tulizipigia hesabu tukaziacha kwa sasa, maana kilele chetu ni cha usiku na betri ndizo ghali. Turbini ya pili itakuja balasti ikipoa kila jioni hata katikati ya msimu wa mvua, si kabla. Ikija, jenereta mbili zitahitaji volti sawa, hezi sawa na mfuatano uleule wa fazi kabla ya kufunga kontakta, na kidhibiti kimoja tu ndicho kitakachotawala hezi; vikiwa viwili vinavyojitegemea vitavutana. Kwa hiyo kila kipande cha mfereji tunachopiga saruji sasa tunakijenga kwa lita 500 kwa sekunde, maji ya turbini mbili.