Siku moja maishani mwangu: magunia 640 ya kahawa na kilomita chache za mwisho

Saa 11:15 alfajiri

Mwezi wa nane Mbeya hakuna anayetoka blanketini saa hizi bila sababu. Sababu yangu ni simu. Wakala wetu wa Dar es Salaam hulala usiku wa manane kwa ajili ya joto, na ujumbe wake wa sauti hunikuta alfajiri nikitetemeka.

"Dada, mabehewa yako mawili yamefika. Sili hazijaguswa."

Nikataka kupiga vigelegele. Ujumbe wa pili ukafuata: "Ila makontena bado sijapewa."

Mimi ni karani wa usafirishaji kwenye kampuni ya kahawa. Kahawa ya Mbozi, Rungwe na Ileje ikishakobolewa inafungwa kwenye magunia ya kilo 60. Kontena la futi 20 linabeba magunia 320, yaani tani 19.2. Mzigo huu ni wa makontena mawili. Leo Jumatano, na meli inafunga kupokea mizigo keshokutwa saa kumi jioni.

Saa 1:40 asubuhi

Chai ya tangawizi na chapati kwa mama wa jirani na ofisi. "Ndaga fijo, mama," nikaondoka na chapati mkononi.

Saa 2:15

Simu, simu, simu. Yadi inayotunza makontena matupu ya kampuni ya meli tunayoitumia (jina silitaji) inasema foleni ya malori nje ya geti ni ndefu na tusubiri zamu. Kontena lenyewe lipo. Liko pale Dar, wakala wangu analiona kwa macho.

Nieleze hapa, maana watu huniuliza kwa nini tusipakie makontena Mbeya kabisa, yakafungwa sili hapa na kushuka kwenye treni mlangoni kwa meli. Reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, inaingia hadi bandarini, kwa hiyo njia ipo. Kinachokosekana huku juu ni kontena tupu. Makontena yanashuka melini Dar na bidhaa za Zambia na Kongo, yanapita mbele ya ghala letu juu ya malori yakielekea Tunduma, kisha yanarudi, mengine na shaba, mengine matupu kabisa. Ninayaona dirishani. Lakini kila kontena lina mwenyewe, na mwenyewe anataka lirudi kwenye yadi yake Dar, lisiishie Mbeya kwa mtu wa kahawa asiye mteja wake. Kupandisha tupu kutoka Dar kwa ajili yetu tu ni kulipia safari mbili. Basi kahawa inapanda behewa ikiwa kwenye magunia, inashushwa ghalani Dar, inapakiwa tena kwenye kontena, halafu kontena linapandishwa lori kwenda bandarini.

Yaani treni inamaliza kilomita 849 kutoka Mbeya, mlima na mahandaki yote ya kati ya Makambako na Mlimba, ndipo mzigo unaanza kusubiri lori la safari isiyofika kilomita kumi.

Saa 4:00

Nimekwenda stesheni kupanga behewa la mzigo wa wiki ijayo. Mzee mmoja mstaafu wa reli huja pale kila asubuhi kuota jua, na mimi huwa simpiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa yako imefika?"

"Imefika jana usiku. Imekwama mjini."

Akacheka mpaka akakohoa. "Enzi zetu ilikuwa hivyo hivyo. Treni inafika, mji unakataa."

Yeye huhesabu historia kwa tani. Reli hii ya kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975, mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Kufika mwaka wa 2014/15 zilikuwa hazifiki 90,000. Shaba ikahamia barabarani, na mlima wa Iwambi ukaanza kuzijua breki za malori. Sasa anasubiri kuona mkataba wa dola bilioni 1.4 uliosainiwa Septemba 2025 na kampuni ya Kichina ya CCECC utaleta vichwa vingapi vya treni.

"Vichwa vitakuja," anasema. "Uliza wataiweka wapi mizigo ikifika."

Nilimuuliza kuhusu bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa Julai 2025 ili kuipunguzia bandari ya Dar msongamano. Akachukua kijiti akachora mistari mitatu mchangani. Reli yetu upana wake milimita 1,067, sawa na ya Zambia na Afrika Kusini. Reli ya kati ya zamani ni 1,000. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni 1,435. Kwala iko kwenye reli ya kati na SGR. Behewa la Mbeya likitaka kwenda kule, haliwezi. Mzigo lazima ushushwe na kupandishwa upya, kama ilivyokuwa Kidatu, reli hizi zinapokutana. Kwala ni habari njema kwa watu wa Tabora na Mwanza. Sisi wa Nyanda za Juu bado tunapita njia ileile, katikati ya mji.

Niliaga nikiwa na vumbi kwenye viatu na mchoro kichwani.

Saa 7:30 mchana

Wali, maharage, parachichi nusu. Meneja akanishika mlangoni: kwa nini tusirudi kwenye malori? Swali la haki. Lori linapakia hapa, linapita mizani ya Makambako, Wenda, Mikumi na Vigwaza, siku ya pili au ya tatu liko Dar, na dereva unampigia simu ukimtaka. Behewa halipokei simu. Lakini lori nalo likifika Dar linakuta foleni ileile, na kwa mzigo mkubwa reli inanipunguzia gharama. Nikamwambia tusilaumu safari nzima kwa sababu ya kipande cha mwisho. Hakuridhika. Akaniambia niandike hesabu.

Saa 9:00 alasiri

Hesabu zimesubiri, nimeshika makaratasi: cheti cha asili, cheti cha afya ya mimea, ankara, tamko la forodha. Uzito wa kontena lililopakiwa lazima uthibitishwe kabla ya kupanda melini, sheria ya kimataifa tangu Julai 2016. Siwezi kuujaza, maana kontena sina. Fomu inaniangalia, nami naiangalia.

Saa 10:50 jioni

Wakala kapiga! Amepata makontena yote mawili. Vijana wa ghalani wameanza kupakia, watamaliza kwa taa. Nikamwomba anipigie picha za sakafu ya kila kontena kabla ya gunia la kwanza kuingia, maana kontena lililobeba samaki au kemikali litaiharibu kahawa kwa harufu tu. La kwanza safi. La pili lina doa la mafuta kwenye kona. Wamelikwangua, wametandika karatasi nzito. Sikupenda, lakini kurudi getini kudai lingine ni kuanza foleni upya.

Saa 2:20 usiku

Nyumbani, soksi mbili mbili miguuni. Uzito umekuja, nimejaza fomu kwa simu huku ndizi zikichemka. Malori yametoka ghalani, yako Barabara ya Mandela.

Saa 4:05 usiku

"Dada, moja limeingia getini."

"Na la pili?"

"Naliona. Liko nyuma ya malori kumi na manne."

Nimeweka simu kwenye chaji, sauti juu.