Kwa nini mi nasema "my" sio kivumishi

Kuna ubishi hauishi kwenye magrupu ya walimu wa Kiingereza, eti "my" ni neno la aina gani. Huyu anasema kivumishi cha kumiliki kwa sababu kitabu cha darasani kimeandika hivyo, yule anasema ni kiwakilishi, wa tatu anakuja na ditamina, yaani maneno yanayokaa mbele ya nomino kuonyesha ni ipi, ya nani au ngapi (wengine wanaziita vibainishi, sawa tu) na hapo grupu linawaka. Mi niko upande wa huyo wa tatu, na sio kwa sababu jina lake ni la kisasa, ni kwa sababu haya maneno ukiyapima yanajitenga yenyewe.

Chukua sentensi ambayo karibu kila aliyekulia kwenye Kiswahili ameshaiandika, "I bought car". Sisi tunasema nimenunua gari na mambo yanaendelea, hakuna kilichopungua. Kiingereza kinagoma. Haya weka kivumishi, "I bought red car", bado. Ongeza kingine, "I bought big red car", wapi! Sasa weka "my", au "a", au "this", au "another", papo hapo inakubali. Yaani kuna kazi ambayo vivumishi hata ukivipanga kumi haviiwezi, na "my" peke yake inaiweza, sasa tukiyaita yote vivumishi tunakuwa tumemsaidia nani? Afu "very red" inapita ila "very my" haipiti, "the car is red" inapita ila "the car is my" mpaka uigeuze iwe "mine". Na vivumishi vinafuatana bila shida lakini "the my car" hakuna, "this my car" hakuna, nafasi pale ni moja kama siti ya mbele ya bajaji, mmoja akishakaa ndo basi.

Hiyo "this my" inatukamata sana sisi, maana Kiswahili kinaruhusu kabisa, mtoto wangu huyu, rafiki yako yule, zinakaa pamoja wala hazigombani. Kinachofurahisha ni kwamba Kiingereza nacho zamani kiliruhusu. Fungua Biblia ya King James ya 1611, Luka 15:24, baba wa yule mwana mpotevu anasema "this my son", na Biblia yetu ya Kiswahili palepale inasema huyu mwanangu. Siku hizi Mwingereza atasema "this son of mine", kamtoa "my" pale mbele kampeleka nyuma. Wanaijeria mpaka leo utawasikia na "this my brother" yao, na mi huwa naona wanaowacheka wanawaonea.

Hata wataalamu hawakuyatenga haya maneno siku moja. Leonard Bloomfield, mtaalamu wa lugha Mmarekani, kwenye kitabu chake cha 1933 alizitaja ditamina kwa jina hilohilo ila bado akaziacha ndani ya vivumishi, kama kakundi kadogo tu. Baadaye Randolph Quirk na wenzake, kwenye kitabu chao cha sarufi ya Kiingereza cha 1985, wakazipa kundi lao na wakazipanga kwa foleni: katikati "the", "my", "this", "every", mbele yao "all", "both", "half", nyuma yao namba na "many" na "other". Ndo maana "all my three children" inakubali, kila mmoja kakaa mahali pake. Halafu 2002 wakaja Huddleston na Pullum na kitabu chao cha sarufi wakasema jamani tutofautishe vitu viwili, aina ya neno na kazi ya neno. "The" kwa aina ni ditamina na kazi yake ni kubainisha, lakini "my" kwa aina ni kiwakilishi kilichopewa kazi hiyohiyo. Mi hili nalipenda kwa sababu linamaliza nusu ya ubishi wa grupu, yule wa pili na yule wa tatu wote wako sawa, mmoja anaongelea aina mwingine anaongelea kazi. Kero ni kwamba Quirk kwa aina anasema "determiner" na kwa kazi anasema "determinative", Huddleston na Pullum wakageuza kinyume chake, kwahiyo ukisoma vitabu vyote viwili wiki moja kichwa lazima kikuume.

Sasa "many" na "few" ndo wasumbufu wenyewe. Ukizipima zinakuwa na miguu pande zote, "very many" inapita, "fewer" ipo, "his problems are many" inapita, zote hizo tabia za kivumishi. Ila sema "many of them", inapita, sema "big of them", imekataa. Hicho kipimo cha "of" nakiamini sana, ndo kinamtenga "several" (ditamina) na "numerous" (kivumishi) ingawa maana zao ni majirani kabisa.

"Every" nayo ina vituko vyake. "Each", "some", "this" zinaweza kubaki peke yake bila nomino, "every" haiwezi, lazima useme "every one". Na kila yetu iko hivyohivyo, huwezi kusema kila alikuja, ni kila mmoja, afu inakaa mbele ya nomino wakati wenzake wengi wanapenda nyuma na wala haibadiliki kwa ngeli.

Kuna na "we teachers". Hapo "we" imekaa kwenye nafasi ya "the", Huddleston na Pullum wanaihesabu ditamina kabisa. Kwenye "We the People" ya katiba ya Marekani ni kitu kingine, maana "the" ameshakaa kwa hiyo "we" iko nje, "the people" inamfafanua tu. Na sio viwakilishi vyote vinaruhusiwa, "you teachers" sawa, ila jaribu "they teachers" au "I teacher" uone kinavyogoma, wakati sisi huku wao walimu na mimi mwalimu tunasema bila hata kufikiria.