Sufuria ya bibi

Nilipoambiwa nina sukari, mwaka 2021, nikiwa na miaka 66, aliyeshtuka kuliko mimi ni mkamwana wangu. Jioni ile ile akanunua sufuria ndogo, ikaitwa sufuria ya bibi. Humo nikawa napikiwa mchicha wa kuchemsha usio na chumvi, ndizi mbichi mbili na kipande cha samaki asiyejua ndimu wala pilipili. Wenzangu wako mkekani na wali wa nazi, mimi niko kwenye kiti na bakuli langu, harufu inanipita puani. Alifanya kwa mapenzi, simlaumu. Lakini ndani ya miezi mitatu magauni yalikuwa yananipwaya. Na niseme kweli, nilikuwa naiba. Kwa mama wa maandazi pale Mtoni kwa Azizi Ally nilikuwa na deni nyumbani wasilolijua.

Siku moja nilimeza glibenklamidi yangu ya asubuhi, kidonge cha kushusha sukari, kisha nikajizuia kula ili kesho yake kliniki kipimo kitoke kizuri. Ujanja wa kizee. Saa saba mchana mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno yananiponyoka mdomoni. Mjukuu wa darasa la sita ndiye aliyekimbilia mashine ya kupima sukari: 2.9, imeshuka mno. Akaninywesha soda nusu glasi, ile yenye sukari yake kamili, tukasubiri robo saa, tukapima tena, ndipo nikaletewa chakula. Miezi yote ile nilikuwa naogopa sukari kupanda tu, kumbe kwa mzee anayemeza vidonge vya aina ile, kushuka ndiko kunakomwangusha upesi.

Kliniki daktari alinipunguzia dozi. Muuguzi, binti mdogo tu, akachora duara kwenye karatasi: nusu mboga, robo ugali au wali, robo samaki, nyama au maharage. Akamwambia mkamwana, "Dada, hiki wapikie wote." Tangu hapo sufuria ya bibi inachemshia mayai.

Ila karatasi ni karatasi, mimi nilitaka kuona mwenyewe. Nikawa napima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, naandika kwenye daftari. Mtaani kila mtu alikuwa ananiambia ulezi ni dawa, kunywa uji utakavyo. Nikanywa vikombe viwili vikubwa, bila sukari hata chembe: 14.2! Mashine haina undugu na mtu. Muuguzi akanieleza kwamba ulezi ni nafaka kama nafaka nyingine, na unga uliosagwa laini ukapikwa uji hauchelewi tumboni. Dona nalo ni zuri kuliko sembe kwa kuwa pumba yake imo, lakini bonge la dona ni bonge tu. Siku hizi natwaa linaloenea kwenye ngumi yangu, naanza na mboga, ugali unafuata.

Wali sikuuacha. Mtu wa pwani anaachaje wali? Nimeupunguza ukawa robo ya sahani, na tui la kwanza, lile zito, tumeliacha kwa siku za wageni. Siku ya wali nikishamaliza natembea mpaka barabarani na kurudi, taratibu. Nikifanya hivyo daftari linaniambia 9 na kitu. Nikijilaza moja kwa moja, linaniambia mengine.

Kazi kubwa imekuwa ladha. Presha ninayo pia, kwa hiyo chumvi ni ya kuhesabu, na magego ya chini sina. Kachumbari ya vipande vikubwa ni adhabu kwangu. Mkamwana anaikata nyembamba mno, anaiminya ndimu, anaiacha ilainike kidogo. Bamia, mlenda na matembele vinateremka vyenyewe. Jirani yangu akienda soko la samaki la Feri alfajiri namwagiza vibua. Tunawachanja ubavuni, tunawapaka kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili mbuzi iliyopondwa, wanakaa nusu saa ndipo wanaingia kwenye jiko la mkaa. Ngozi ikianza kutoa mapovu na mafuta kudondokea makaa, wajukuu wanajisogeza bila kuitwa, na hakuna anayeuliza chumvi iko wapi.

Chai ilinichukua mwezi mzima. Nilitoka vijiko vinne nikashuka kimoja kimoja, nikiongeza iliki na mdalasini kila niliposhuka. Sasa nikipewa ya sukari nahisi nanywa sharubati.

Shughuli za watu ndizo bado zinanipa tabu. Nikimwambia mpakuaji aniwekee kijiko kimoja cha pilau, nyama na kachumbari kwa wingi, hakosi shoga wa kunong'ona kwamba najitesa, hali yeye mwenyewe anameza metformini, vidonge vya sukari, kwa kificho. Namwacha. Embe dodo likiingia msimu nakula nusu baada ya chakula, kwa kisu, si kwa juisi. Nusu nyingine wajukuu wanaigombania.

Na yule mama wa maandazi nilimlipa deni lake lote. Jumamosi bado napita kwake, kwa kitumbua kimoja, kile kinachotoka kwenye chuma mbele ya macho yangu. Mkamwana anajua. Juzi alinipa hela nimletee na chake.