Sinia la jioni bila kuwasha jiko

Kuanzia Disemba hadi Machi, jioni ya Dar es Salaam haipoi. Kaskazi inavuma, lakini unyevu wa hewani ni mwingi kiasi kwamba hata jua likishazama kuta za jikoni bado zina joto, na mchana uliofika nyuzi 32 hutuachia usiku wa nyuzi 25 au zaidi. Kusimama mbele ya jiko la gesi kwa saa nzima katika hali hiyo, ukisonga ugali na kuunga mchuzi, kisha kuwaita watoto ambao nao wamechoshwa na joto na hawana hamu ya kitu chochote kinachofuka mvuke, ni kazi ambayo kwa maoni yangu haina ulazima wa kufanywa kila siku. Nyumbani kwetu, katika miezi hii, jioni kadhaa za wiki tunakula sinia: chakula ambacho hakipikwi jioni ile, kimepangwa kwenye sinia moja kubwa, na familia nzima inakaa mkekani kulizunguka kabla giza halijaingia vizuri.

Jambo moja ndilo linaloamua kama sinia hilo litakuwa mlo au litakuwa kionjo tu, nalo ni unachoanza kukiweka. Wengi huanza na matunda kwa sababu yanapendeza macho na yanapatikana kila kona ya mtaa. Watoto hula tikiti na nanasi mpaka matumbo yakajaa maji, na ifikapo saa tatu usiku wanarudi kuomba chakula. Mimi huanza na vitu vya kujenga mwili, kisha vya kushibisha, halafu mboga, na matunda huingia mwisho kujaza nafasi iliyobaki. Nikifuata mpangilio huo, watoto hulala hadi asubuhi bila kuamka na njaa.

Yai ndilo nguzo ya sinia letu. Tunanunua trei nzima, na asubuhi chai inapochemka jiko la pili huchemsha mayai ya jioni, ambayo yakishapoa huingia kwenye friji yakiwa na maganda yake. Siyamenyi, kwa sababu kumenya ni kazi ya watoto. Binti yetu mdogo hugonga yai lake kwenye ukingo wa sinia, hulibingirisha taratibu chini ya kiganja mpaka ganda lote lipate nyufa, kisha huanza kulibandua upande ule mnene wenye nafasi ya hewa, akitafuta ule utando mwembamba ambao ukiushika vizuri ganda hutoka vipande vikubwa vikubwa. Humchukua muda mrefu, na hakuna anayemharakisha. Mtoto huyuhuyu ambaye yai la kukaanga hulisukuma pembeni ya sahani, hili analimaliza lote.

Pamoja na mayai huwa kuna kimojawapo kati ya jodari wa kopo, niliyemchanganya na kitunguu kilichokatwakatwa na ndimu, na maharage. Maharage huchemshwa mengi mwishoni mwa wiki, hugawanywa kwenye vyombo vidogo na kugandishwa. Usiku wa kuamkia siku ya sinia chombo kimoja huhamishiwa chini kwenye friji ili yayeyuke yenyewe. Jioni nayatia chumvi, ndimu, vipande vya hoho na mafuta kidogo ya alizeti. Maziwa mgando hukaa kwenye vikombe.

Vya kushibisha ni rahisi. Chapati zilizobaki asubuhi hukatwa vipande virefu vya kuchovya kwenye maharage, na mkate wa ajemi, ukipita Kariakoo au Ilala ukaupata ungali mpya, hauhitaji kitu kingine. Mkate wa kumimina ninaupenda sana, lakini una sukari ya kutosha, hivyo huwa kipande kimoja kwa kila mtu.

Mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga, alilitazama sinia kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na chakula chenyewe kinaletwa saa ngapi?" Nikamjibu, "Mama, ndicho hiki, karibu ule." Alikula, tena vizuri, na jioni iliyofuata akaomba mbuzi akakuna nazi mwenyewe. Akaitwanga pamoja na pilipili mbichi, kitunguu saumu na chumvi, akakamulia ndimu, na tangu hapo chatini yake ya nazi haikosekani. Kwa watoto tunatoa sehemu yao kabla pilipili haijaingia. Ni kitu kisichohitaji moto hata kidogo, na ndicho kilichowafanya watoto wetu wapende matango na karoti mbichi, kwa sababu wanahitaji kitu cha kuchovyea.

Kuhusu mboga, ninashauri jambo moja tu: zikate, ziweke karibu na mtoto, kisha usiseme neno. Mtoto anayebembelezwa ale mchicha hukaza midomo, lakini akiachwa achague mwenyewe kutoka kwenye sinia ambalo kaka yake naye analichukulia, mkono wake utafika kwenye tango bila kuamrishwa.

Matunda ya msimu huu ni baraka ya mji huu. Maembe yamejaa, kuanzia dodo hadi bolibo na sindano, na mananasi yanashuka kutoka Kiwangwa. Embe dodo nalikata pande mbili nikilifuata kokwa, kisha ninachana nyama yake miraba bila kutoboa ganda na kulipindua kwa nje, ili mtoto aumege mraba mmoja mmoja bila kuloa hadi viwiko. Kokwa ni haki ya mkubwa wao, na haijadiliwi. Parachichi hukatwa mwisho kabisa na kupakwa ndimu, kwa kuwa ile tindikali huchelewesha kuwa jeusi. Matunda yaliyokwisha kukatwa barabarani siyanunui kwa ajili ya sinia, hata kama muuzaji ni msafi, kwa sababu sijui yamekaa juani muda gani. Ninanunua zima na kuliosha nyumbani kwa maji safi kabla kisu hakijaligusa.

Hapa naomba wazazi wenzangu wanisikilize kwa makini, maana chakula kisichopitia moto jioni ile hakina kinga ya moto. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na kanuni ya kawaida ya kutoacha chakula kinachoharibika upesi nje kwa muda unaozidi saa mbili hupungua hadi saa moja joto linapozidi nyuzi 32. Ndiyo maana ninatoa nusu ya chakula kwanza, nusu nyingine inabaki kwenye friji, na bakuli la maziwa mgando hukaa ndani ya bakuli kubwa lenye barafu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu mchana, mayai na maharage vinaondoka kwenye mpango, na badala yake kopo la samaki linafunguliwa dakika ileile ya kula.

Tahadhari ya pili ni kupaliwa. Karanga na korosho nzima hazifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Yeye mpe siagi ya karanga iliyopakwa nyembamba kwenye mkate. Zabibu za Dodoma zikatwe kwa urefu vipande vinne, karoti mbichi ikunwe, na yai likatwe vipande vidogo. Asali asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Karanga zenyewe zichambue, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haitoki kwa kuoshwa wala kwa kukaangwa. Na muhogo mbichi, ambao watu wazima tunautafuna barabarani pamoja na nazi na karanga, siuweki kwenye sinia la watoto, kwa kuwa una viini vya sumu ya sianidi ambavyo hupungua unapomenywa na kupikwa vizuri.

Tukimaliza, kilichoguswa na mikono mingi hakirudi kwenye friji. Embe na nanasi ambavyo havikutolewa huwa juisi ya asubuhi, maharage yaliyobaki ndani ya chombo chake huliwa na chapati kesho yake, na vyombo vya kuosha ni sinia moja, kisu kimoja, vikombe na bakuli chache, kazi ambayo watoto wenyewe huimaliza kabla ya kwenda kuoga.