Siku yangu moja msimu wa kahawa, milima ya Manyovu, Kigoma

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Juni huku juu haina huruma. Nawasha moto, nabandika uji, namwamkia babu wa mume wangu, ambaye usingizi ulishamkimbia zamani. "Shikamoo babu." "Marahaba. Leo mnachuma upande gani?" Upande wa juu. Wenye miguu mizima ndio tunapangiwa huko.

Saa 12 na nusu. Watoto shule, sisi mlimani. Nyumba iko barabarani, shamba liko juu kabisa, na si kwamba tulipenda. Zamani Waha, kabila letu la huku, waliishi wametawanyika vilimani, kila kaya ndani ya migomba yake. Operesheni ya mwaka 1972 ikawateremsha watu kwenye vijiji vya kupangwa, migomba ikabaki. Mpaka leo babu akisema "nyumbani" ananyoosha kidole juu.

Saa 2 hadi saa 7. Kuchuma. Tawi nalivuta, nalibana kwa kiwiko, natoa nyekundu tu, moja moja. Za kijani nitazirudia. Mibuni aliyoiacha baba mkwe inasumbuliwa na ugonjwa wa chulebuni: tunda bado kijani linapata doa jeusi lililobonyea, kisha linanyauka. Upande mmoja tumepanda miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa. Hiyo inavumilia, ila inadai mbolea, na mbolea yenyewe tunakopa.

Nikimlalamikia babu kuhusu deni hilo, ananirudisha kwenye bugabire, ule mkataba wa ng'ombe wa zamani. Mtusi alimpa Muha ng'ombe amtunze, maziwa anywe, naye akawa mtu wake: amlimie, ampelekee pombe. "Ule ulikuwa utumwa wenye maziwa," anasema. Basi babu, letu hata maziwa halina! Wale ng'ombe wa pembe ndefu wamebaki wachache, malisho yameshageuka mashamba.

Saa 8 mchana. Gunia kichwani mpaka kwenye mtambo, maana kahawa isipomenywa siku hiyohiyo inaharibika ladha. Inamwagwa majini kwanza. Zinazoelea zinaondolewa, zilizozama ndizo zinapimwa. Kilo tano hivi za matunda ndiyo kilo moja ya kahawa iliyomenywa na kukauka, kwa hiyo macho yangu hayabanduki kwenye mzani. Karani anaandika: jina la mume wangu. Mume wangu yuko Kasulu kwenye ujenzi tangu masika. Kupalilia mimi, kupogolea mimi, kuchuma mimi. Na hii ni Buha, nchi ya Waha, ambako Mwami, yaani chifu, Theresa Ntare, mwanamke, alitawala eneo la Heru kabla uchifu haujafutwa mwaka 1963. Daftari halijapata habari zake.

Saa 11 jioni. Kuni, maji, ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese ya kutoka huko chini ziwani. Siku inaisha bila kukaa.

Saa 2 usiku. Shemeji amekuja na pikipiki. Anataka kuuza kipande chake cha juu aongeze pikipiki ya pili. Simlaumu sana, babu zake walikwenda manamba kwenye mkonge Tanga, na yeye anatafuta kama wao. Lakini katikati ya kipande hicho ndiko ziliko chotara zangu.

Babu kasema ukoo utakaa Jumamosi. Wake hatuitwi kwenye vikao hivyo. Naosha vyombo, mama mkwe ananifuata jikoni: "Mama, Jumamosi uje na stakabadhi zote za mzani. Utakaa karibu yangu."