Fundi kaniambia nibadilishe cheni ambayo haipo

Jamani, pikipiki yangu ilianza kulia tik-tik-tik upande wa juu wa injini, hasa ikiwa imesimama inaunguruma bila gia. Fundi wa kijiweni akasikiliza kidogo tu, akatoa hukumu: "Cheni ya taimingi imeisha hiyo bosi, andaa hela."

Sasa hii ni injini ya aina ya CG. Valvu zake, yaani vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zinasukumwa na fito mbili ndefu, na kemu, mhimili unaozisukuma hizo fito, inazungushwa na gia. Cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemu kwenye injini nyingine, haimo kabisa! Sijui angebadilisha nini, labda pochi yangu.

Nikarudi nayo nyumbani. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye injini, mpini sikioni. Chini, shwari. Kwenye kava la tapeti (skrubu za kurekebishia valvu, juu ya injini) mlio ukaja waziwazi, na ukivuta mafuta unaenda mbio pamoja na injini. Nikaiacha ipoe kabisa, nikaiweka pistoni juu mwisho wa mgandamizo, nikapima: uwazi kati ya tapeti na valvu unatakiwa milimita 0.08, ule wa valvu ya eksozi ulikuwa karibu mara mbili. Nikarekebisha, nikakaza nati. Mlio ukatulia.

Mlio ukibadilika ukibana klachi, anzia hukohuko kwenye klachi. Ukisikia mlio mzito wa kugonga chini unapopanda mlima, zima palepale, huenda ni beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Na tapeti msizikaze mpaka zinyamaze kabisa, valvu isipofunga vizuri inaungua.