Ndege ya Nguo

Babu alikuwa fundi cherehani Tabora, na kabla ya hapo alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Bama, ndiyo Myanmar ya leo, mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope hadi mto Chindwin. Habari za mapigano hakupenda kuzisimulia. Alichopenda kusimulia ni ndege. Karibu na Tamu kulikuwa na kiwanja, na ndege za Waingereza zilizotua pale, alisema, zilivaa nguo. Zikitobolewa na risasi, mafundi wanakata kiraka, wanabandika, kesho yake zinaruka tena.

Tulimcheka. Binamu yangu mmoja, aliyekuwa anasoma fizikia sekondari, akamwuliza kama walizipiga pasi pia. Babu akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Mwaka 2018 nilikuwa naishi Cambridge, na Jumamosi moja nikapanda basi kwenda Duxford, kwenye makumbusho ya ndege za vita. Nilifuata Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, sitaki kudanganya. Nani hajaona picha ya mabawa yale? Nikaikuta imefunguliwa injini, matumbo yote nje, haiendi popote siku hiyo. Pembeni yake ilikuwepo Hurricane, ndege ya kivita mwenzake, nzima, imesimama kwenye magurudumu yake yaliyoachana kama miguu ya mpiganaji wa mieleka. Sura haina: ina nundu mgongoni na bawa nene.

Mzee mmoja wa kujitolea, mikono imejaa grisi, aliniona nimezubaa. Nikamwomba niiguse. Akanielekeza nyuma ya kiti cha rubani. Mbele kote ni bati, lakini pale kidole changu kilibonyea.

Kitambaa. Kitani, kimepakwa rangi maalumu inayokikaza hadi kinawambika kama ngozi ya ngoma. Nikainama kwenye usukani wa mkiani, nikaona vifundo vya uzi vimejipanga juu ya kila ubavu, vimefunikwa na ukanda wenye kingo za meno-meno. Kingo zile nazijua. Babu alikuwa na mkasi wa meno, alikatia vitambaa ili visifumuke, na ole wako akukute unakatia karatasi.

Mzee aliongea sana, nami nilimwacha. Kwamba risasi ingeweza kuingia huku ikatokea kule bila kukuta cha kupasua, na tundu likazibwa jioni hiyohiyo. Kwamba majira ya joto ya 1940, Wajerumani walipoishambulia Uingereza kwa ndege, Hurricane zilikuwa nyingi kuliko Spitfire na ziliangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani, ila sifa zikaenda kwa mrembo. Hilo alilisema kwa uchungu, utadhani ni dada yake aliyenyimwa mchumba.

Alasiri rubani akaja. Siku za kazi huendesha ndege za abiria. Aliizunguka Hurricane polepole, akibonyeza kitani kwa kidole gumba, kisha akapanda. Injini yake, Merlin ya silinda 12, lita 27, ilikohoa moshi, ikatema moto kwenye mabomba, halafu ikashika. Nyasi zote nyuma yake zikalala. Mimi nilikuwa nakodolea mkia tu, nikingoja mshono ufumuke. Haukufumuka.

Babu alikuwa amefariki tangu 1994, kwa hiyo usiku nilimpigia shangazi, aliyerithi ile cherehani.

"Shikamoo shangazi. Zile ndege za nguo ni za kweli. Nimezishika."

"Marahaba mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Zimeshonwa kwa mkono au kwa cherehani?"

"Hapo nilipoona mimi, kwa mkono."

"Basi baba aliniongopea," akasema. "Mimi aliniambia alizishona yeye, kwa cherehani."